Hita ya gesi ya ukutani Manyovu: bomba la moshi kwanza, ukuta baadaye

Swali: Shikamoo fundi. Tunamalizia nyumba ya wazazi huku Manyovu, wilaya ya Buhigwe. Kaka yangu anayeishi Melbourne, Australia, ametutumia kwenye kontena hita ya gesi ya kuchomekea ukutani, ile yenye kioo mbele na magogo ya bandia. Aliitoa kwenye nyumba yake. Sebuleni mwashi wetu alishajenga dohani ya matofali ya kuchoma kwa ajili ya kuni. Anasema tuisukumie hita humo, tuunge mpira wa mtungi, basi. Kwa kuwa gesi haina moshi, bomba ni gharama ya bure. Mama amevuka miaka 70 na baridi ya Juni inamtesa. Kwa sasa analala na jiko la mkaa chumbani. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa kumjengea mama. Nianze na lisilosubiri. Leo jioni jiko la mkaa litoke chumbani kwake. Aote moto sebuleni mlango ukiwa wazi, jiko litolewe nje kabisa, ndipo akalale. Blanketi la ziada na chupa ya maji ya moto miguuni vitamsogeza mpaka tumalize habari hii. Sababu nitaieleza hapo chini, maana ndiyo hiyo hiyo inayonifanya nikatae ushauri wa mwashi wenu.

Kwa kifupi, hita hiyo inaweza kufungwa Manyovu, lakini si kwa namna aliyoisema, na huenda ikaonekana haifai kufungwa kabisa. Inategemea yaliyoandikwa kwenye kibao chake na njia mtakayoupa moshi hadi juu ya paa. Huku Ujiji, ambako usiku tunagombania feni, nikisema nina wateja wanaotaka moto sebuleni watu hucheka. Wanasahau kwamba mkoa ni huu huu wenye Kalinzi, Kasulu na Manyovu, na kwamba mwezi wa sita huko juu mtu anaamka na koti. Kwa hiyo swali lako ni la haki kabisa.

Hilo la gesi kutokuwa na moshi

Mwashi wako hajalitunga yeye, nalisikia kila wiki. Gesi ya mtungi ni propani na butani. Ikiungua vizuri haiachi masizi kwenye sufuria wala haichomi macho, ndiyo maana jikoni tunaipenda. Lakini kila kilo 1 inayoungua hutoa karibu kilo 3 za kaboni dioksidi na zaidi ya lita moja na nusu ya maji yaliyo katika hali ya mvuke, na ili iungue inakula hewa ya ujazo wa mita 12 hivi. Moshi upo, ila hauonekani. Jiko la chai linawaka nusu saa dirisha likiwa wazi, na hakuna anayehisi kitu. Hita ya sebuleni inawaka saa nne au tano, na imewashwa kwa sababu ni baridi, maana yake kila dirisha limefungwa.

Hapo tumezungumzia moto unaoungua vizuri. Ukikosa hewa ya kutosha, au moshi wake ukirudi chini na moto ukaanza kuvuta hewa iliyokwisha kutumika, inazaliwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, kwa hiyo hata kidogo kinatosha kumlegeza mtu. Usitegemee ile harufu kali ya gesi. Ile ni dawa inayochanganywa makusudi kwenye gesi ili uvujaji ujulikane, na gesi ikishaungua, harufu nayo imeungua. Dalili zenyewe ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na miguu kuwa mizito. Kwa mkoa wetu dalili hizo jina lake ni malaria: mtu ananunua dawa, anameza, anarudi kulala chumba kile kile. Ukiona watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kila jioni na wanapata nafuu wakitoka nje, usikimbilie duka la dawa kabla hujaangalia moto wenu.

Jiko la mkaa linatoa hewa hiyo hiyo, na kwa wingi zaidi. Baya zaidi ni kwamba linaitoa hata makaa yakiwa yameiva na kuwa mekundu, wakati ambapo sote tunaamini moshi umekwisha na sasa linafaa kuingizwa ndani.

Soma kibao kabla hujashika nyundo

Kila hita ya aina hii ina kibao cha chuma au karatasi ngumu, mara nyingi nyuma ya kifuniko cha chini au ubavuni mwa kasha. Kitu cha kwanza unachotafuta ni aina ya gesi. Ukikuta LPG, yaani gesi ya mtungi, mnayo nafuu kubwa. Ukikuta NG, hiyo ilitengenezwa kwa gesi asilia, na mimi ningeweka dau kwamba ndiyo mtakayoikuta, kwa sababu nyumba nyingi za Melbourne zimeungwa kwenye mabomba ya gesi asilia ya mtaani. Sisi gesi asilia tunayo Songo Songo na Mnazi Bay, na Dar es Salaam zipo nyumba zinazoipata kwa bomba, ila huku kwetu ni mtungi tu.

Tofauti ya gesi hizo mbili si ya jina. Kwa ujazo ule ule, gesi ya mtungi ina nishati karibu mara mbili na nusu ya gesi asilia. Hita ya Australia ya gesi asilia hupangwa kufanya kazi kwa mgandamizo wa kilopaskali 1.13, na ya LPG kwa 2.75. Kwa hiyo matundu ya nozeli, yaani yale yanayopitisha gesi kwenda kwenye kichomeo, yanakuwa makubwa kwenye ya gesi asilia na madogo kwenye ya mtungi. Ukiunga mtungi kwenye nozeli za gesi asilia, utapata mwali mkubwa wa manjano unaovutia macho, kioo kitakuwa cheusi kabla wiki haijaisha, na kaboni monoksidi itakuwa inatengenezwa kwa juhudi zote.

Kubadilisha kunawezekana kama kiwanda kinatoa seti yake: nozeli za kichomeo, nozeli ya mwali mdogo wa kuwashia, na regyuleta ya ndani au springi yake. Kaka yako aende na namba ya modeli iliyo kwenye kibao kwa wauzaji wa huko huko Melbourne. Modeli ikiwa ya zamani na seti haitengenezwi tena, basi kwa hita hiyo safari imeishia hapo. Usikubali fundi anayesema ataziba tundu la nozeli kwa risasi na kulitoboa upya kwa sindano. Wapo, na kazi yao huonekana inawaka vizuri kwa siku za mwanzo.

Muulize kaka yako pia, bila kuoneana aibu, kwa nini aliitoa. Katika jimbo la Victoria, ambako Melbourne iko, tangu 2021 mwenye nyumba ya kupangisha analazimika kuleta fundi wa gesi aikague mitambo kila baada ya miaka 2, na mtambo usiokidhi hauruhusiwi kuendelea kutumika. Inawezekana aliitoa kwa sababu alihamia hita ya umeme, jambo ambalo wengi wanalifanya huko. Lakini ikiwa ilitolewa kwa sababu chumba chake cha moto kimepata ufa, msilitoe kosa Melbourne mkaliweka Manyovu.

Umeme hautawasumbua. Feni yake inatumia volti 230 kama sisi, inabadilishwa plagi tu. Kuhusu mwinuko, mko juu sana kuliko ziwa na hewa ni nyepesi zaidi. Watengenezaji wa Marekani hushusha nguvu ya mitambo yao kwa asilimia 4 kwa kila mita 300 hivi kuanzia mita 600, kwa hiyo nozeli zikiwa ndogo kidogo kuliko za pwani si kasoro.

Kitu cha mwisho kwenye hita yenyewe ni tundu la kutolea moshi. Ukikuta pete mbili, ndogo ndani ya kubwa, na kioo kimefungwa kwa utepe usiopitisha hewa, hiyo ni ile inayovuta hewa yake kutoka nje kupitia bomba la nje na kutoa moshi kupitia bomba la ndani. Haigusi hewa ya sebule, na kama ningechagua mimi, hiyo ndiyo ningemwekea mama. Shida yake ni kwamba inataka mabomba yake yenyewe ya kiwandani, na watu wanaofunga mizigo hupakia kasha wakaacha mabomba ukutani. Ukikuta pete moja, upana wa kiganja hivi, basi ni hita inayokula hewa ya sebuleni na kutegemea moshi upande juu wenyewe. Nitaendelea kana kwamba mnayo hii ya pili, kwa sababu ndiyo inayoingizwa kwenye dohani za zamani, na ndiyo yenye mitego.

Dohani ya kuni si njia ya moshi wa gesi

Moshi wa hita hii hausukumwi na kitu. Unapanda kwa sababu una joto, na hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi inayouzunguka. Mafundi tunaita mvuto. Chochote kinachoupoza moshi njiani au kuuzuia kinaua mvuto, na mvuto ukifa moshi hauna pa kwenda isipokuwa sebuleni.

Dohani aliyojenga mwashi wenu, kama ni ya kawaida, ina uwazi wa sentimita 20 kwa 20 au zaidi. Kwa kuni ni sawa, kwa kuwa moto wa kuni unatupa moshi mwingi na wa moto sana. Hita ya gesi inatoa moshi kidogo wenye joto la wastani. Ukiuachia ndani ya shimo pana la matofali ya baridi, unatanda, unapoa, na ule mvuke niliousema unageuka maji. Hita inayotumia nusu kilo ya gesi kwa saa inatoa maji karibu lita 3 kwa jioni ya saa nne. Maji hayo yana tindikali kidogo, yanashuka kwenye matofali yakichukua masizi ya kuni, yanapenya saruji, na msimu mmoja baadaye lipu ya sebule ina ramani ya kahawia. Mimi hiyo ramani ndiyo inayonisaidia kujua. Nikiingia nyumba ya watu nikaiona, naomba dirisha lifunguliwe kabla sijakaa.

Dawa yake ni kushusha ndani ya dohani bomba la chuma cha pua, lile linalopinda, kutoka juu kabisa mpaka kwenye shingo ya hita, bila kiungo katikati. Upana wake usipungue hata kidogo kuliko ile pete ya hita. Juu linafungwa kwa bamba linaloziba uwazi uliobaki kati ya bomba na matofali, kisha kofia ya kuzuia mvua na ndege. Chini, uwazi wote unaozunguka bomba uzibwe pia, la sivyo joto la sebule litapanda bure na upepo utashuka bure. Kama dohani imeshatumika kwa kuni, isuguliwe na kuzolewa masizi yote kwanza, kwa sababu yatakayobaki yataendelea kudondoka juu ya hita.

Bomba la PVC, lile la maji taka, sitalizungumzia sana. Nimelikuta kwenye hita ya maji ya nyumba moja ya wageni, limelegea na kuinama, na mwenye nyumba alikuwa bado anajiuliza kwa nini wageni wa chumba kile wanaamka na kichwa kizito. Bomba la bati la kawaida kutoka kwa fundi bati linavumilia joto, ila lina ngozi moja tu, linapoza moshi haraka na tindikali ile inalitoboa. Fundi bati wako ana kazi nyingine nzuri hapa, atengeneze kofia, bamba la juu na kola, yaani bati la kuzunguka bomba pale linapotoboa paa. Njia ya moshi yenyewe iwe chuma cha pua.

Mkiamua kuiacha dohani na kupandisha bomba moja kwa moja kupitia dari, tumieni bomba la ngozi mbili, lenye nafasi katikati, kwa sababu linatunza joto la moshi na halichomi vilivyo jirani. Hapo hatari inahamia kwenye mbao. Kenchi na papi zetu mara nyingi ni mbao kavu, na joto la kila jioni linazidi kuzikausha miaka na miaka. Mwongozo wa bomba unataja umbali wa kuachwa na mbao, ufuateni. Mimi huongeza mpaka shubiri nzima pale panaporuhusu, na pale bomba linapopita kwenye dari naweka sahani ya chuma. Jipsamu haishiki moto upesi, lakini karatasi yake hubabuka. Papi ikiwa njiani, ikatwe na kuungwa upya pembeni kama fundi seremala anavyojua. Bomba lisipindishwe kuikwepa papi.

Kupindisha ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Bomba bora linakwenda wima kutoka kwenye hita mpaka juu. Likilazimika kupinda, pindo lisizidi nyuzi 45 na yasizidi mawili. Kulilaza bomba juu ya dari mita mbili tatu ili litokee nyuma ya nyumba, kwa sababu mbele halipendezi, ni kuua mvuto kwa ajili ya picha. Hita nyingi za namna hii zinataka kimo cha mita 3 na zaidi kutoka shingoni mpaka kwenye kofia. Nyumba ya kawaida ya mabati mnakipata bila taabu, ilimradi bomba lisimame.

Juu ya paa, kofia iwe wazi kwa upepo. Kama bomba linatokea karibu na mgongo wa paa, lipite mgongo huo kwa sentimita 60 walau. Kofia iliyojificha chini ya mgongo, upepo ukivuka paa unadumbukia na kuusukuma moshi chini. Huko Manyovu mko kwenye vilima, upepo unabadilika kufuata mabonde, na watu wanapenda mikaratusi karibu na nyumba. Simama nje jioni yenye upepo uangalie moshi wa jiko la jirani unaelekea wapi, utajifunza zaidi ya nitakachokuandikia. Pale bomba linapotoboa bati, kola iingie chini ya bati la juu na kulalia bati la chini, si kupakwa lami tu pembeni. Lami inachanika msimu wa kwanza wa jua, na mvua za Kigoma hazisamehi tundu.

Hewa ya kuingia, na kipimo cha udi

Moshi hautoki kama hakuna hewa inayoingia badala yake. Nyumba za zamani zilikuwa na matundu juu ya madirisha na mwanya kati ya ukuta na paa, kwa hiyo zilipumua hata ukifunga. Nyumba ya sasa ina madirisha ya alumini yenye mpira pembeni na dari ya jipsamu iliyozibwa kila kona. Inapendeza na inatunza joto, lakini hita ya kula hewa ya ndani inakosa pumzi humo. Tobolea matundu mawili ya kudumu kwenye ukuta wa nje, yenye wavu na yasiyo na mlango, makubwa kama tofali lililolazwa. Usiyaweke nyuma ya kochi la mama, atayaziba na kitambaa kwa sababu yanaleta baridi, na atakuwa na haki. Yaweke karibu na hita, ili hewa iende kwenye moto kabla haijapita miguuni kwa watu.

Jihadhari na feni ya kutoa moshi jikoni. Ikiwashwa nyumba ikiwa imefungwa, inavuta hewa kutoka popote inapoweza, na njia rahisi kuliko zote ni bomba la hita. Moshi uliokuwa unapanda unageuzwa na kushuka.

Hapo ndipo kinakuja kipimo ninachokiamini kuliko maneno ya fundi yeyote, nikiwemo mimi. Funga milango na madirisha yote ya nyumba. Washa feni ya jikoni kama ipo. Washa hita kwa nguvu yote, subiri dakika kumi bomba lipate joto. Kisha washa kijiti cha udi, kipitishe taratibu kwenye ukingo wa juu wa mdomo wa hita, kutoka kona hadi kona. Moshi wa udi unatakiwa unyonywe kuingia ndani. Ukisimama, ukatetemeka, au ukarudi usoni kwako, zima hita, fungua madirisha, na hita isiwashwe tena mpaka sababu ijulikane. Rudia kipimo hiki siku ya upepo, kisha kila mwanzo wa msimu wa baridi, kwa sababu ndege hujenga kwenye mabomba wakati hayatumiki.

Pamoja na kipimo hicho, kaka yako anunue kengele ya kaboni monoksidi na kuituma. Ni kifaa kidogo cha betri. Kiwekwe sebuleni kwenye kimo cha pumzi au juu zaidi, kingine chumbani kwa mama. Vina tarehe ya mwisho iliyoandikwa mgongoni, msikubali vya mtumba.

Magogo ya bandia nayo yana mahali pake. Kila kipande kimechorwa kwenye mwongozo kinapotakiwa kukaa. Wakati wa kusafirisha huwa vimetolewa, na anayevirudisha huvipanga vipendeze. Kipande kikikaa katikati ya mwali kinaupoza, na mwali uliopozwa unatoa masizi na ile hewa mbaya. Mwongozo wa modeli yenu uko kwenye intaneti kwa kawaida, uchapisheni mpewe fundi.

Mtungi na bomba la gesi

Mtungi ukae nje, wima, juu ya zege, kivulini, mbali na mlango, dirisha na mfereji. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini na kutuama kwenye shimo, kwa hiyo kibanda cha mtungi kiwe na uwazi chini na si juu tu. Kutoka kwenye regyuleta mpaka kwenye hita liende bomba la shaba, likipita ukutani ndani ya bomba jingine la kulilinda, na lifungwe valvu karibu na hita mahali ambapo mkono wa mama unafika. Ule mpira wa jikoni haupitishwi ukutani wala hauingizwi ndani ya dohani. Ukiharibika humo hakuna atakayeuona.

Regyuleta iwe ya mgandamizo mdogo, kama ya jiko la kawaida la nyumbani. Zile za mgandamizo mkubwa wanazotumia mama lishe kwenye majiko makubwa zitaharibu hita ndani ya dakika. Fundi asikuambie mgandamizo kwa kusikiliza. Mpira mwembamba unaoonyesha, ukikunjwa mfano wa herufi U na kutiwa maji, unatosha kupimia: kilopaskali 2.75 zinainua maji kwa tofauti ya sentimita 28 hivi kati ya pande mbili. Hita ikiwa inawaka, kimo hicho kisishuke sana. Kisha mfumo ufungwe pande zote, maji yatazamwe dakika kumi. Yakishuka, kuna mahali panavuja, na povu la sabuni litapaonyesha. Kiberiti hakina kazi hapo. Likitokea la kutokea, toeni watu nje na kupiga 114, Zimamoto.

Kabla hamjatumia shilingi zaidi, piga hesabu hii. Kibao kitataja megajuli kwa saa. Tuseme ni 25, ambayo ni ya kawaida kwa hita za sebuleni. Kilo moja ya LPG ina megajuli karibu 49, kwa hiyo mnachoma nusu kilo kila saa. Mtungi wa kilo 15 unakwisha kwa saa 30. Mama akiota saa nne kila jioni, ni mtungi mmoja kwa wiki, Juni, Julai na Agosti nzima. Zidisha kwa bei ya mtungi hapo Manyovu, pamoja na nauli kama unatoka Kasulu. Mtungi wa kilo 38 unafika siku 19 na haugandi barafu kwa nje kama mdogo unaovutwa kwa nguvu usiku wa baridi.

Nikiitazama hesabu hiyo, ushauri wangu wa kweli ni huu. Kama hita ni ya LPG, au seti ya kubadilishia ipo, na kaka yenu yuko tayari kubeba gharama ya bomba la chuma cha pua na mitungi, fungeni, itampa mama jioni nzuri isiyo na majivu. Kama ni ya gesi asilia na seti haipatikani, iuzeni kama chuma au iacheni iwe pambo, na dohani ile ile ya mwashi itumike kwa jiko la kuni la chuma lenye mlango, bomba lake likipandishwa kwa kanuni hizo hizo za mvuto. Kuni kwenu zipo. Chumbani, ambako mama analala, msiweke moto wa aina yoyote. Zibeni mwanya wa mlango, wekeni dari kama bado, na zulia.

Mwashi wenu asikasirike, dohani yake haijapotea bure kwa njia yoyote ile mtakayochagua. Ila mwambie asimamishe lipu ya sebuleni. Nitumie picha nne: kibao, shingo ya hita kwa juu, dohani ikitazamwa kutoka chini kwenda angani, na paa likitazamwa kutoka barabarani. Nikiziona nitakuambia ununue bomba la upana gani na mita ngapi, ili kaka yako alitume pamoja na kengele.